Maji Niliyokaribia Kuyamwaga

Nikiwa katika mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya wadudu, nilipewa kazi ya kulinganisha nyigu wa vimelea katika mashamba mawili ya kahawa yaliyopakana. Moja lilikuwa la mibuni mitupu iliyopigwa na jua kutwa; la pili lilikuwa la kilimo mseto, mibuni ikiwa chini ya miti ya kivuli ya aina nyingi. Nyigu ninaowazungumzia si wale wanaojenga viota darini na kuuma watu. Jike hutaga juu ya mwili wa mdudu mwingine au ndani yake, na buu akianguliwa humla mwenyeji wake mpaka amuue, ndiyo maana mkulima wa kahawa huwategemea, hata asipowajua, dhidi ya vidung'ata (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea), viwavi na yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa buni.

Nilitandaza mabakuli ya manjano katika mashamba yote mawili, nikatia maji yenye sabuni kidogo. Rangi hiyo huwavuta wadudu wanaotafuta maua, nayo sabuni huwafanya wazame badala ya kuelea juu ya maji. Baada ya siku mbili nilichuja maji yote kwa chujio la chai, nikahifadhi wadudu katika spiriti na kuanza kuhesabu. Hesabu za mashamba hayo mawili zikakaribiana mno. Niliumia moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeshinda chini ya ile miti nikisikia uhai kila upande, na sasa daftari langu mwenyewe lilisema miti haikuongeza kitu.

Mwalimu wangu hakubishana na daftari. Aliuliza tu, "Ulichuja kwa kutumia nini?" Nilipomwonyesha chujio, akataka kuyaona maji yaliyopita. Yalikuwa yamebaki katika ndoo mbili, moja ya kila shamba, kwa kuwa nilichelewa kuyamwaga. Akayapitisha polepole kwenye kitambaa laini, akakisuuza kitambaa ndani ya kisahani cha kioo na kukiweka kisahani chini ya hadubini.

Kwa macho matupu lilikuwa vumbi. Chini ya hadubini, vumbi lile lilikuwa na miguu. Wa kwanza niliyemtambua alikuwa wa familia ya Mymaridae, hajafika milimita moja, mabawa yake membamba kama kasia, yamezungukwa na nywele ndefu kuliko upana wa bawa lenyewe. Huyu hukulia ndani ya yai la mdudu mwingine, na yai moja humtosha kuwa nyumba na chakula mpaka atoke akiwa mzima. Pembeni yake walikuwapo Encyrtidae, familia yenye maadui wakubwa wa vidung'ata. Nikakumbuka kwamba nyigu wa jenasi ya Anagyrus waliopelekwa Kenya kutoka Uganda mwaka 1938, wakaokoa kahawa iliyokuwa ikiangamizwa na vidung'ata, ni wa ukoo huu huu. Ndoo ya shamba la wazi ilikuwa na wachache wa sura zilezile. Ile ya kilimo mseto ilinilazimu kuchora sura mpya karibu kila nilipogeuza sindano.

Ndoo mbili si ushahidi, kwa hiyo nilirudia kazi yote tangu mwanzo, safari hii kwa kitambaa. Tangu siku ile siamini hesabu yoyote ya nyigu isiyotaja ukubwa wa matundu ya chujio.

Niliporudi shambani nilimkuta mwenye shamba la mseto ameshika fyekeo, tayari kusafisha magugu chini ya miti. Nilimpa lenzi yangu ya mkononi na kichupa chenye wale wadogo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wanakula nini, mwanangu, wakati mibuni haina maua?"

Lilikuwa swali la msingi kuliko yote niliyokuwa nimeandika. Mbuni huchanua kwa siku chache tu, ilhali nyigu wengi wazima huishi kwa nekta; wanahitaji mti unaochanua mwezi mwingine, au hata gugu. Nilimwonyesha vijiua vyeupe vilivyokuwa karibu na mguu wake, kimoja kikiwa na kidoa cheusi kilichotembea. "Hivi, mzee."

Akaegemeza fyekeo kwenye shina la mti, akachuchumaa na kuniomba lenzi tena.