Zile Nguo Mikononi mwa Wajane

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Matendo ya Mitume 9:36-43. Lisome kwanza, kisha turudi hapa.

Kila tunapomzika mfanyabiashara aliyekuwa pia mtu wa kujitolea, kuna sentensi kwenye wasifu wake ambayo hunikera kidogo: "Pamoja na kubanwa na biashara, marehemu hakuacha kuhudumia watu." Nia ni njema, najua. Lakini hiyo "pamoja na" inamkata mtu vipande viwili. Huku biashara, mambo ya dunia, ya kusamehewa tu. Kule huduma, ya mbinguni. Kana kwamba Mungu alikuwa akimsubiri nje mpaka afunge duka.

Sasa mtazame Tabitha wa Yafa. Amekufa, wamemwosha, wamemlaza orofani. Petro anaitwa haraka kutoka Lida. Anapopanda juu hakuti mtu akisoma orodha ya vyeo. Anakuta wajane wanalia, nguo ziko mikononi mwao, wanamwonyesha: hii ametutengenezea yeye, na hii, na hii. Hebu kaa hapo kidogo na ile nguo. Kuna mshono wa bega. Kuna pindo lililokatwa kwa urefu wa mwanamke mmoja, si wa mwingine. Huwezi kumshonea mtu vizuri bila kumpima, na huwezi kumpima bila kumsogelea. Mjane ambaye pengine hakuna aliyemsogelea tena tangu azike mume wake, kuna mtu alimwambia, inua mkono, geuka, nione.

Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi kama Tabitha aliwahi kuuza hata vazi moja. Anachotuonyesha ni kwamba sadaka yake ilipitia kwenye ufundi wake. Hakuuweka ujuzi kando ili aende kutenda mema. Lidia naye, yule muuza nguo za zambarau kutoka Thiatira, alipokwisha kubatizwa kule Filipi aliwashurutisha Paulo na wenzake wakae nyumbani kwake. Akila na Prisila walishona mahema huko Korintho, na Paulo akashona pamoja nao. Hatuoni mahali popote mtu akiwaomba radhi wasomaji kwa ajili ya biashara zao.

Ila mimi ninayempenda zaidi ni Boazi, yule mwenye shamba ambamo Ruthu, mjane mgeni, alikwenda kuokota masuke. Soma Ruthu 2 polepole. Anafika shambani na kuwasalimu wavunaji wake, "BWANA akae nanyi," nao wanamwitikia, "BWANA akubariki." Bosi anayesalimiwa hivyo na vibarua wake ameshasema mengi juu ya jinsi anavyowalipa, au basi hayo ni mawazo yangu. Torati ilikwisha kumwagiza asivune mpaka pembeni mwa shamba, amwachie maskini na mgeni. Angeishia hapo angekuwa mtu mwema. Lakini anawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye matita na kuyaangusha makusudi, Ruthu ayaokote, wala wasimkemee. Jioni Ruthu anapura na kupata kama efa moja ya shayiri, kipimo cha nafaka cha siku zile. Anarudi nyumbani na mzigo wa jasho lake, hana alama yoyote ya kuombaomba. Aliyesaidiwa hakuaibishwa. Wako wafanyabiashara wa namna hiyo, na mara nyingi hatuwajui mpaka siku ya msiba, watu wanapoanza kunong'onezana: kumbe na wewe alikusaidia? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu.

Nisije nikaeleweka vibaya. Kujitolea hakuoshi mizani mbovu. Amosi 8:5 inawakemea wachuuzi wanaongoja Sabato iishe wapate kupunguza kipimo na kuongeza bei, na hakuna mchango wa jengo la kanisa uliotajwa hapo kuwatetea. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Kwa hiyo tunapomheshimu mwenye duka aliyelala katika Bwana, tuanzie kwenye jiwe lile moja alilotumia kwa tajiri na kwa mtoto aliyetumwa na mama yake. Mtoto hajui kuhesabu chenji. Aliyemrudishia sawasawa alikuwa akifanya ibada, hata kama hakukuwa na mtu wa kusema amina.

Na tusimfanye malaika. Alikuwa na siku zake za hasira kama sisi. Tukimpamba kupita kiasi, wanawe watashindwa kumtambua baba yao katika maneno yetu.

Sasa jambo ambalo halisemwi makaburini. Mtu wa namna hii akifa huacha daftari. Majina, tarehe, kiasi. Baadhi ya mistari ameifuta mwenyewe kwa kalamu, akijua kwa nini, na hakumwambia mtu. Mingine bado iko wazi. Wapo waliolia sana siku ya mazishi ambao majina yao yamo humo, nao wanaomba kimya kimya daftari lisipatikane. Warumi 13:8 inatuambia tusiwiwe na mtu chochote, isipokuwa kupendana.

Ndugu yangu, dada yangu, kama jina lako limo, wiki hii nenda. Usingoje wakupigie simu. Mpe mjane au watoto ile hela, na kama huna yote peleka nusu na useme lini utamalizia. Na kama mstari wako ni mmoja wa ile iliyofutwa, nenda pia. Kaa nao, uwaambie ulikuwa na shida gani mwaka ule, na baba yao alikujibu nini uliposimama mlangoni ukishindwa pa kuanzia.