Ofisi ya tiba ya mazungumzo husimama au huanguka kabla ya kikao cha nne: uzoefu wangu

Wenzangu wanaotaka kufungua ofisi binafsi ya tiba ya mazungumzo huanza kuuliza habari za matangazo: tovuti iweje, mitandao ipi, picha ipi iwekwe. Mimi huwarudisha kwenye hesabu mbili. Ya kwanza ni ya ada, na hiyo wengi wanaikosea. Ya pili ni ya wateja wanaorudi, na hiyo wengi hawaipigi kabisa.

Mwaka una wiki 52. Ukitoa likizo, sikukuu, siku za kuugua na mafunzo, mimi huhesabu 46. Anayefanya kazi hii kwa muda wote anaweza kupanga vikao 20 hadi 25 kwa wiki bila kujimaliza, lakini vinavyofanyika na kulipwa ni pungufu, kwa sababu huyu ana homa, yule kasafiri, mwingine kasahau. Ninapanga matumizi yangu kwa vikao 18. Mara 46, hiyo ni 828 kwa mwaka. Jumlisha pango, umeme, intaneti, leseni, bima ya kitaaluma, malipo ya msimamizi wako wa kitaaluma (mtaalamu mwenzako unayeipitia kazi yako naye), mafunzo, mhasibu na kodi, kisha ongeza kipato unachohitaji nyumbani. Jumla hiyo igawanye kwa 828, nawe utapata ada ya chini kabisa ya kikao kimoja. Anayegawanya kwa 25 mara 52, yaani 1,300, anajipangia ada iliyo chini kwa zaidi ya theluthi moja, na pengo hilo halionekani mpaka pango la pili au la tatu lichelewe.

Nafasi za punguzo ziingie humohumo. Ukiwa na nafasi 3 za nusu ada kati ya zile 18, wiki yako ina thamani ya vikao 16.5, na mwaka una 759. Gawanya kwa 759. Punguzo ambalo halikuhesabiwa hugeuka kinyongo, na mteja hukihisi kabla wewe mwenyewe hujakikiri. Kwa hiyo ninaweka idadi ya nafasi hizo mapema, naziandika, na zikijaa zimejaa. Kila nafasi ina tarehe ya kuangaliwa upya, kwa kawaida baada ya miezi 6.

Sasa hesabu ya pili. Ikiwa kwa wastani mteja anakaa nawe vikao 12, vikao 828 vinahitaji wateja wapya 69 kwa mwaka, yaani mmoja na nusu kwa kila wiki ya kazi. Wastani ukiwa 4, unahitaji 207, sawa na wanne na nusu kila wiki. Hakuna tangazo litakaloziba tofauti hiyo. Hata wakipatikana, wiki yako itajaa vikao vya kwanza, ambavyo ndivyo vizito kuliko vyote na vyenye maandishi mengi. Simaanishi kumshikilia mtu asiyehitaji. Mwenye tatizo dogo lililo wazi anaweza kumaliza kwa vikao vitano, akaaga vizuri, na huyo ndiye atakayemleta ndugu yake. Ninaowahofia ni wale wanaotoweka kimya baada ya kikao cha kwanza au cha pili. Hao hawakupona. Walikosa kitu, na mara nyingi kitu hicho kinaweza kurekebishwa.

Kazi huanzia kwenye simu. Anayeomba miadi namjibu ndani ya siku moja ya kazi, kwa sababu aliyechukua wiki nzima kujikaza kupiga hupoa upesi. Mazungumzo hayazidi dakika 15, na sifanyi tiba ndani yake. Nauliza nini kimemfanya apige sasa, kama ana mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, dawa anazotumia, matumizi ya pombe na vilevi, na kama kuna kesi mahakamani inayohusiana na jambo hili. Swali la pombe si la adabu tu: aliyekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na huyo anahitaji daktari kabla yangu. Anayesikia sauti au aliyekaa siku kadhaa bila usingizi huku akichangamka kupita kiasi, naye namwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwenye sonona iliyoingia pamoja na uchovu, kubadilika uzito na kuhisi baridi, namwomba apime tezi la shingo. Kisha natoa ada waziwazi, kwa sauti ileile ninayotumia kutaja saa, na nataja nafasi mbili: Jumanne saa nne au Alhamisi saa kumi. Swali la "una nafasi lini?" huzaa ujumbe tisa, na wa kumi haujibiwi.

Kikao cha kwanza nakigawa hivi katika dakika 50. Dakika 10 ni za ridhaa. Karatasi yangu haizidi kurasa mbili, na sehemu ya usiri naisoma kwa mdomo: yanayosemwa hubaki hapa, isipokuwa pakiwa na hatari ya karibu kwa maisha yake au ya mwingine, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru, na kwamba kazi yangu huipitia na msimamizi bila kutaja jina. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo usinakili karatasi ya mwenzio wa mbali. Dakika 25 au 30 ni za kumsikiliza. Hapo ndipo wageni wa kazi hii huteleza kwa namna mbili: wengine humfanyia mteja mahojiano kama ya polisi, wengine humwachia amwage kila kitu. Anayesimulia kiwewe chake chote siku ya kwanza, kwa undani, huondoka akiwa mtupu na mwenye haya, na mara nyingi harudi. Namzuia kwa upole. Namwambia tutafika huko, ila leo nipe vichwa vya habari.

Dakika 10 za mwisho ndizo zinazojenga ofisi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliugawa ushirikiano wa tiba katika mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya ili kulifikia, na uhusiano wenyewe kati ya watu wawili. Wengi wetu tunalea hilo la tatu na kusahau mawili ya mwanzo. Mteja anaweza kukupenda na bado asijue anarudi kufanya nini. Kwa hiyo kabla hajainuka namweleza, kwa sentensi chache zisizo na misamiati ya darasani, ninavyolielewa tatizo lake, kinachoonekana kulilisha, tutakachofanya wiki ijayo, na kwamba baada ya kikao cha nne tutakaa tupime kama njia hii inamfaa. Namuuliza nimekosea wapi. Kisha tunaandika miadi ya pili, na tukiweza ya tatu na ya nne, siku na saa ileile.

Vipimo natumia vifupi. PHQ-9 kwa sonona ina maswali 9 na alama 0 hadi 27; kuanzia 10 ni sonona ya wastani au zaidi. GAD-7 kwa wasiwasi ina maswali 7 na alama 0 hadi 21. Zote mbili zinajazwa ndani ya dakika 5 mtu akiwa anasubiri. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya sifuri nalizungumzia siku hiyohiyo, kabla mteja hajatoka. Karatasi iliyojazwa na haikusomwa ni mbaya kuliko kutokuwa na karatasi. Narudia kipimo kila vikao vitatu au vinne, na badiliko la alama 5 kwenye PHQ-9 nalihesabu kuwa la maana. Kuna haja ya kufanya hivi hata ukiwa na uzoefu mwingi: utafiti wa mwanasaikolojia Michael Lambert na wenzake umeonyesha kwamba sisi wenyewe hatuoni vizuri nani anazidi kudhoofika mikononi mwetu, na kwamba taarifa inayotoka kwa mteja mara kwa mara inapunguza idadi ya wanaoharibikiwa. Mwisho wa kikao nauliza pia jambo moja: leo kuna kilichokukera au tulichokiruka? Jibu la "hapana, kila kitu kizuri" kwa wiki tatu mfululizo linanitia shaka kuliko lawama.

Wanaokosa miadi. Kanuni yangu ni saa 24. Anayeahirisha ndani ya muda huo hulipa, na dharura ya kweli nasamehe mara moja bila maswali. Ujumbe wa kumkumbusha unatoka siku mbili kabla, ili apate nafasi ya kuahirisha bila kuadhibiwa. Ukitoka usiku wa kuamkia miadi haumsaidii mtu. Asipotokea, napiga simu dakika 15 baada ya saa yake. Asipopokea naandika ujumbe mmoja usiotaja ushauri wala tiba, maana simu hushikwa na wengi nyumbani. Baada ya ujumbe wa pili wiki moja baadaye nafunga jalada kwa barua fupi inayomwambia mlango uko wazi na inayotaja mahali pa kupata msaada wa haraka. Asiyeagwa kwenye maandishi bado ni mteja wako pakitokea jambo.

Chumba. Samani si kitu. Sauti ndiyo kitu. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, ingiza redio inayozungumza kwa sauti ya kawaida, funga mlango, kaa pale wateja watakaposubiri. Ukielewa neno moja, chumba hakijafaa. Mlango wa mbao nzima, utepe wa mpira kuzunguka fremu, kizibo cha chini ya mlango na kifaa cha kutoa mvumo nje ya chumba hutatua mengi. Ukuta mwembamba unaopanda hadi darini tu, huku juu pako wazi kati ya vyumba viwili, hautibiki, tafuta kwingine. Saa ikae nyuma ya kiti cha mteja ili uione bila kutazama mkono. Viti viwe vya kimo kimoja na vipishane kidogo, visikabiliane uso kwa uso. Acha dakika 10 hadi 15 kati ya wateja, wasikutane mlangoni.

Vikao vya mtandaoni vina mawili ya kuangalia kila mara: mteja yuko wapi dakika hii, na nimpigie nani akizidiwa. Leseni kwa kawaida hutazamwa kwa mahali alipo mteja, si ulipo wewe, na aliyevuka mpaka wiki hii huenda huruhusiwi kumhudumia.

Kumbukumbu naziandika siku hiyohiyo: tarehe, muda, hali yake, hatari, tulichofanya, mpango. Nusu ukurasa yatosha. Majina ya watu wengine anaowataja siyaweki, wala tetesi. Naandika nikijua mteja mwenyewe au hakimu anaweza kuzisoma. Na jambo ambalo ofisi nyingi ndogo hazina: wosia wa kitaaluma. Mwenzako mmoja awe na maelekezo ya maandishi ya namna ya kufikia orodha ya wateja na kuwaarifu, ukifa au ukilazwa.

Kuhusu hatari ya kujiua, mpango wa usalama wa wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown una hatua sita, na naujaza pamoja na mteja kwa maneno yake: dalili za onyo, anachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, wa kuwaomba msaada, wataalamu na huduma za dharura, na kuondoa au kufungia mbali vitu vya kujidhuria. Hii ya sita ndiyo inayorukwa kwa aibu, nayo ndiyo isiyopaswa kurukwa. Mtu mmoja ofisini hawezi kupokea simu usiku kucha, na hilo nalisema tangu siku ya ridhaa.

Wateja wanaofaa huletwa zaidi na watu kuliko na matangazo. Daktari hakukumbuki kwa sababu ya kipeperushi. Anakukumbuka ukimwandikia, kwa ridhaa ya mteja, mistari mitano: nimempokea, nimeona hivi, nitafanya hivi, nitakuarifu baada ya vikao vinne. Na ujieleze kwa wembamba. "Nawahudumia watu wazima wenye hofu ya ghafla na wasiolala" humjia mtu kichwani mgonjwa akiwa mbele yake. "Nahudumia kila tatizo" halimjii.

Ratiba haipaswi kuzidi vikao 5 au 6 kwa siku, na wenye kiwewe kizito siwapangi mfululizo. Usimamizi wa kitaaluma nausaka nisipokuwa na tatizo pia, angalau mara mbili kwa mwezi.

Nafasi zikijaa, orodha ya kusubiri isizidi wiki 4. Zaidi ya hapo naifunga, na kila anayepiga nampa majina mawili au matatu ya wenzangu ninaojua wana nafasi sasa. Mwenye dalili za hatari haingii kwenye orodha hiyo kabisa. Huelekezwa hospitali siku hiyohiyo, na nabaki kwenye simu mpaka nijue ni nani anayempeleka.