Malori ya Tunduma

Basi letu liliondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya kufika Chalinze nilikuwa nimekwisha kuhesabu malori arobaini yenye namba za Zambia na Kongo, nikachoka, nikaacha. Wengi wetu tunaiita tu barabara ya Mbeya, lakini jina lake la zamani, TANZAM, yaani Tanzania na Zambia, ndilo linaloeleza kwa nini ipo kama ilivyo.

Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao, Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ilijikuta imefungiwa mlango. Mafuta yakaanza kupakiwa katika mapipa na kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa njia ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Masika yalipoingia magari yalizama kwenye tope au kuporomoka mabondeni, hata ikabandikwa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA, la kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilianza kusukuma mafuta mwaka 1968, na lami nayo ikafuata.

Mikumi tulipita taratibu, kwani barabara hukata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na vibao vya kando hutaja faini ya kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Ruaha Mbuyuni abiria walinunua vitunguu kupitia madirishani. Kisha ukaja mlima Kitonga. Mbele yetu lori la kontena lilikuwa likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na utingo wake alitembea kweli, ubavuni mwa tela, gogo mkononi, tayari kulisukumiza nyuma ya tairi iwapo breki zingekataa. Upande wa pili lilikuwa korongo. Tulilifuata lori hilo kwa muda mrefu, na sikusikia abiria hata mmoja akimhimiza dereva alipite, jambo nisilolizoea katika mabasi yetu.

Iringa, Makambako na Igawa nilizipita nikisinzia, nikalala Mbeya.

Kesho yake, Tunduma, foleni ya malori ilianza mbali kabla ya mpaka wa Zambia. Dereva mmoja wa makamo alikuwa ameketi kivulini mwa tela lake akimenya chungwa. Nilimwamkia, nikamwuliza amebeba nini.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu. “Dizeli, ya Lubumbashi.”