Sababu Mbalimbali

Risala ya mahafali yetu niliiandika mimi. Ilikuwa Septemba 2002, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoko kwenye miteremko ya juu ya mji wa Moshi. Asubuhi ukitoka bwenini na mswaki mdomoni, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inakutazama usoni. Ikifika saa nne mawingu yameshaifunika.

Aliyesoma Tanzania anajua risala inavyokwenda. Unaanza na mgeni rasmi, unawataja mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzako, kisha historia fupi, mafanikio, matatizo, maombi, shukrani. Ndani ya historia fupi kuna sentensi isiyokosekana: tulianza wangapi, tunahitimu wangapi. Sisi tulianza kidato cha kwanza mwaka 1999 tukiwa 83, na tulikuwa tunahitimu 71. Wale 12 ilibidi waelezwe. Nikawaeleza kwa maneno niliyoyasikia katika mahafali yote matatu yaliyotangulia: "Wenzetu 12 hatukuweza kufika nao hapa kutokana na sababu mbalimbali." Niliyaandika kwa mkupuo mmoja bila kuinua kalamu.

Mmoja wa hao 12 alikuwa amelala juu yangu kwa zaidi ya miaka miwili.

Nitamwita Wa Juu, maana ndivyo nilivyomwita tangu wiki ya kwanza tulipopangiwa kitanda kimoja cha dabo deka, naye akaniita Wa Chini. Nimempigia simu kabla ya kuandika haya. Ameniruhusu, ila jina lake amesema tuliache.

Yeye alitoka Kibosho, huko huko mlimani, mimi Korogwe, mkoani Tanga. Niliripoti nikiwa na blanketi jepesi moja na sweta la shule, na mama yangu, aliyeishi maisha yake yote kwenye joto, aliona hivyo vinatosha. Mwezi wa sita ulipoingia nilijua baridi ni nini. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya bweni, nguo tulizofua Jumamosi zilikuwa bado mbichi Jumanne, na alfajiri tulikimbia mchakamchaka huku vidole havijielewi. Usiku mmoja Wa Juu alishuka na blanketi lake zito, akaniambia nisogee, tukalala mzungu wa nne. Tangu hapo kila msimu wa baridi tulilala hivyo, kinyume cha sheria za bweni. Matroni akimulika tochi upande wa mto aliona kichwa kimoja, na kitandani juu aliona shuka lililofunika nguo tulizozipanga kwa urefu wa mtu. Tuliamini kabisa kwamba hajui. Hadi usiku mmoja wa Julai nilipoamka na kukuta tumefunikwa blanketi la tatu, la kijivu, ambalo nililijua lilikuwa la kitandani kwake. Asubuhi alipita kulichukua bila kutuuliza chochote.

Wa Juu hakuwa mtu wa kuazima. Bwenini tuliazimana kila kitu: sabuni, kandambili, pasi ya mkaa, mpaka soksi. Yeye sabuni yake ikiisha alifua kwa maji matupu. Nilimuuliza sababu, akanisimulia kisa alichosimuliwa na bibi yake. Mawenzi, kilele jirani cha Kibo, alikuwa anazimikiwa moto kila mara, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo akampa mara ya kwanza, akampa mara ya pili, halafu akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechanika vile mpaka leo. "Mimi sitaki kuwa Mawenzi," akasema, akageukia ukutani.

Nilikichukua kama hadithi tu.

Ada yake ilitoka kwenye kahawa. Nyumba nyingi za Kilimanjaro zilikuwa hivyo kwa vizazi kadhaa. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa kule, ilianzishwa mwaka 1933, na watu wengi waliosoma mkoani kule wamesomeshwa kwa magunia. Lakini bei kwenye soko la dunia ilianza kuporomoka mwishoni mwa miaka ya 90, na kufikia 2001 ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo mingi. Wa Juu alirudi kutoka likizo ya Desemba akaniambia baba yake ameng'oa mibuni ya upande mmoja wa kihamba, shamba lao la nyumbani, apande nyanya. Aliisema kama habari ya hali ya hewa. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kati ya mashamba ya mkonge yaliyogeuka vichaka, nilipaswa kuelewa neno lile lina uzito gani. Nilimuuliza kama atatuletea nyanya.

Mei 2001, tukiwa kidato cha tatu, majina ya wanaodaiwa yalisomwa mstarini. Yalikuwa kama 20. Wakaambiwa waende nyumbani kufuata ada. Wengi waliondoka na mifuko midogo, wakarudi wiki ile au iliyofuata. Wa Juu alifunga tranka lake lote, akaviringisha na godoro. Nilimsaidia kubeba tranka mpaka barabarani, mimi mkono huu, yeye mkono ule, tukipumzika kila baada ya hatua 50 hivi. Mtu anayekwenda kufuata ada habebi godoro. Nililiona hilo na sikuuliza. Aliposema "nitarudi," nikamwambia "haya." Hiace ikaja, kondakta akatupa tranka juu ya keria.

Kuanzia hapo nililala mwaka mmoja na miezi kadhaa nikitazama nyaya tupu za kitanda cha juu.

Januari 2016, serikali ilipoondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake, nilikuwa jikoni nachambua mchele. Redio ilitangaza, nikaweka ungo chini. Miaka 15 tu, nikawaza. Angezaliwa miaka 15 baadaye.

Narudi kwenye risala. Jumamosi moja kabla ya mahafali darasa zima lilikusanyika maktaba, mimi na kaunta buku mezani, kila mtu akasema anachotaka kisahaulike na anachotaka kisisahaulike. Ilichukua mchana kutwa. Wakasema kuhusu makande ya Jumatano na wadudu wake, na jinsi tulivyojifunza kula tukizungumza ili tusitazame sahani. Kuhusu ukoko wa ugali, uliokuwa na foleni yake jikoni na wababe wake. Kuhusu wiki ya masika bomba lilipozolewa, tukachota maji kwenye mfongo, mfereji wa wenyeji wa kumwagilia, kwa zamu za usiku ili tusiwachafulie wenye mashamba. Usiku ule komba alipolia juu ya paa na bweni zima, wasichana 60 na kitu, tukajazana chini ya vitanda vya upande mmoja. Prepu za chemli umeme ulipokatika, pua nyeusi asubuhi. Mwenzetu aliyefiwa na mama yake wakati wa mtihani wa kidato cha pili, na jinsi tulivyochangishana nauli mpaka zile sarafu za mwisho. Blanketi la matroni nililitaja mimi, na ilionekana kwamba halikupita kitanda changu peke yake. Karibu kila kona ya maktaba kulikuwa na mtu aliyewahi kuamka nalo.

Mtu mmoja akasema, "Na Wa Juu?" Nikaandika ukurasa mzima juu yake. Mzungu wa nne, sabuni, kisa cha Mawenzi, tranka.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alisoma yote. Nakumbuka alivua miwani katikati, akaipangusa, akaendelea. Kisha akaniambia kwa upole kwamba risala si barua ya nyumbani, mgeni rasmi amepewa dakika chache, na wazazi wamekaa juani. Nipunguze. Hakuniambia cha kupunguza. Nililazimika kuchagua mwenyewe, na mkono wangu ndio uliogeuza ukurasa mzima kuwa maneno mawili.

Siku ya mahafali ilikuwa nzuri kwa kweli. Turubai lilifungwa uwanjani, akina mama walikuja na vitenge vya sare, akina baba wa uchagani walileta ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na majani mdomoni, tukaikata badala ya keki. Mama yangu alitoka Korogwe kwa basi la alfajiri akanivisha maua ya karatasi mpaka sikuona ninapokanyaga. Nilisoma risala bila kukosea. Spika zilikuwa zimefungwa juu ya nguzo, na walipiga makofi.

Jua likielekea kushuka, mlinzi akanitumia mtoto wa kidato cha kwanza: dada, kuna mgeni wako getini, hataki kuingia.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, pamoja na wauza karanga, na kikapu kikubwa cha ndizi kisukari mbele yake. Alikuwa amevaa kitenge na raba nyeupe. Amekonda kidogo, amerefuka. Tulikumbatiana, maua yangu ya karatasi yakapondeka.

"Sauti yako imefika mpaka barabarani," akasema.

"Umefika saa ngapi?"

"Tangu kwaya. Nimesikia yote."

Nikasubiri. Akaanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kumbe mimi ni sababu mbalimbali."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyesoma jina lake ubaoni akakuta limekosewa herufi, na anangoja aone kama mwenye chaki ataona. Nilijaribu kueleza habari za dakika, za mgeni rasmi, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yanavyokauka. Nikanyamaza. Kwenye ua wa shule, kama kwenye mipaka ya vihamba vyote vya kule, walipanda masale, na ni yeye aliyenifundisha kazi ya jani lile: aliyekosa akikuletea isale, hukatai. Nikaenda nikachuma jani moja, nikampa kwa mikono miwili. Alilitazama. Akalichomeka kwenye kikapu, kati ya ndizi.

"Sasa kanichukulie ile ya kwanza," akasema. "Wewe huandiki mara moja. Nakujua."

Nilikimbia bwenini na maua yangu yanapukutika njiani. Nikarudi na kaunta buku, nikakaa mtaroni kando yake, nikamsomea tangu mwanzo: makande, ukoko, mfongo, komba. Alicheka kwa komba mpaka muuza karanga akageuka. Kwenye blanketi la matroni akasema polepole, "Alijua? Muda wote alijua?" Nilipofika kwenye ukurasa wake sauti yangu haikutaka. Akalichukua daftari, akajisomea mwenyewe kimyakimya, kidole kikifuata mstari.

Akaomba kalamu. Ninalo daftari hilo mpaka leo, na maneno yake yako chini ya yangu, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande wa kushoto: "Siku niliyoondoka Wa Chini alinibebea tranka mpaka barabarani. Aliona godoro na hakuniuliza. Angeniuliza ningelia mbele ya watu."

Niliyasoma mara mbili. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimebeba kutouliza kule kama kosa, na yeye alikuwa amekitunza kama kitu alichopewa. Sikujua la kumjibu, na mpaka leo sijui kama ana haki au ananihurumia. Nilimuuliza kuhusu baba yake. Akasema nyanya zimewakubali kidogo, mdogo wake ataingia kidato cha kwanza mwakani, yeye anauza ndizi Moshi mjini siku za soko ili daftari zisikosekane. Akauliza mtihani unaanza lini. Nikamwambia. Akaiandika tarehe kwenye kiganja cha mkono wake, akasema siku hiyo ataniombea misa ya asubuhi.

Hiace ya mwisho ilikuwa inapiga honi. Alikataa kuondoka na kikapu cha ndizi, akasema zimeletwa kwa ajili yetu, nitamrudishia kikapu nikipita. Tulizigawa usiku ule bwenini, wote 71, kidato cha nne nzima tumekaa juu ya vitanda na taa zimeshazimwa. Hazikutosha, tukamega. Matroni alipita na tochi, akamulika maganda sakafuni, akasimama kidogo mlangoni, kisha akauliza kama imebaki moja.