Muuzaji aliandika "Hapana": nilivyodai haki yangu baada ya kuuziwa nyumba kwa maelezo ya uongo

Nyumba niliyonunua ilikuwa ikiingiwa na maji kila mvua kubwa iliponyesha, na aliyeniuzia alilijua jambo hilo. Nilipata uhakika siku fundi alipobandua kabati lililokuwa limepigiliwa ukutani katika chumba cha nyuma. Rangi mpya ilikuwa imeishia ukingoni mwa kabati, na katika sehemu ambayo haikupakwa kulikuwa na alama ya tope kavu, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, kimo cha goti kutoka sakafuni. Chini ya alama hiyo lipu ilimomonyoka kwa kuguswa na ukucha. Ninaeleza hapa nilivyolishughulikia suala hilo hadi nikalipwa, kwa sababu wanunuzi wengi ninaowajua huishia kulumbana na dalali kisha wakakata tamaa.

Wakili hakuanza na picha za ukuta. Aliniuliza, "Muuzaji alikuambia nini hasa, na alisema wapi?" Katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, muuzaji wa nyumba kwa kawaida halazimiki kumtajia mnunuzi kila kasoro, kwa kuwa kanuni ya zamani inamtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ziko nchi na majimbo ambako sheria inamtaka muuzaji ajaze fomu ya kasoro anazozijua, lakini hata pale ambapo sharti hilo halipo, akishajibu swali aliloulizwa anawajibika kwa jibu lake. Anayenyamaza huenda akaponea. Anayetoa taarifa ya uongo iliyomshawishi mwenzake kutia sahihi hana kinga hiyo, na kuifunika kasoro makusudi ili isionekane kunaweza kuhesabiwa kuwa ni uongo vilevile.

Kabla ya mauziano nilikuwa nimemtumia muuzaji maswali kwa barua pepe, na mojawapo lilihusu maji. Alijibu: "Hapana, nyumba haijawahi kuingiwa na maji." Barua hiyo, pamoja na tarehe yake, ndiyo iliyokuwa kielelezo chetu cha kwanza, nami naamini kwamba bila hiyo tungebaki na ukuta mbovu na mabishano.

Ilibaki kuonyesha kwamba alipoandika hivyo alikuwa akijua ukweli. Jirani mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, mvua za mwaka juzi hao walilala kwangu," akakubali kuyaandika maelezo hayo na kuyatia sahihi. Fundi aliyeweka sakafu mpya kabla ya nyumba kutangazwa alikuwa bado na nakala ya stakabadhi, ambamo kazi ilielezwa kuwa ni kutoa vigae vilivyoharibiwa na maji katika chumba cha nyuma. Nilimwita pia mhandisi asiye na uhusiano na upande wowote, akapima unyevu, akatafuta chanzo chake na kuandika ripoti yenye picha na makadirio ya gharama za matengenezo. Mpaka ripoti hiyo ilipokamilika sikuziba ufa wala kupaka rangi popote, na wakili alilisisitiza hilo kuliko jambo jingine lolote, kwa kuwa ukuta ukishapigwa lipu mpya ushahidi wake umefukiwa.

Wakati huo ndipo nilipojifunza kwamba taarifa za uongo zina madaraja mbele ya sheria. La juu kabisa ni ulaghai, ambao kwa mujibu wa hukumu ya Derry v Peek ya mwaka 1889, ambayo mawakili wa nchi nyingi bado huitegemea, ni kusema jambo ukijua si kweli, au bila kuliamini, au bila kujali kama ni kweli au la. Linalofuata ni uzembe, yaani mtu aliamini alichosema lakini hakuwa na sababu ya msingi ya kukiamini. Uingereza, sheria ya mwaka 1967 imemtwisha aliyetoa taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu hiyo alikuwa nayo. La mwisho ni la mtu aliyekosea bila hatia. Sisi tulidai ulaghai, na kwa njia mbadala uzembe, kwa sababu ulaghai hutaka ushahidi mzito na haikuwa busara kuutegemea peke yake.

Upande wa pili ulijibu kwamba nilipewa nafasi ya kuikagua nyumba, hivyo nijilaumu mwenyewe. Utetezi huo husikika sana, na huwatisha wengi kuliko unavyostahili. Katika kesi ya Redgrave v Hurd ya mwaka 1881, mnunuzi wa nyumba iliyouzwa pamoja na hisa katika ofisi ya uwakili aliwekewa nyaraka ambazo zingemwonyesha ukweli, hakuzichunguza, na bado mahakama ya rufani iliamua kwamba anaweza kujitoa katika mkataba, kwa kuwa aliyedanganya hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mwenzake angeweza kumgundua. Walitaja pia kifungu cha mkataba kilichosema kwamba mnunuzi hakutegemea maelezo yoyote ya nje. Vifungu vya namna hiyo vina nguvu katika mambo mengine, ila kwa kawaida mahakama hazikubali vimkinge mtu dhidi ya ulaghai wake mwenyewe.

Uamuzi mgumu ulikuwa kuchagua nafuu ya kuomba. Ningeweza kutengua mkataba, nirudishe nyumba na nirudishiwe fedha, au nibaki na nyumba na kulipwa fidia. Kwa hasira nilitaka kutengua. Haki hiyo, hata hivyo, hupotea haraka: anayeendelea kuitumia nyumba kana kwamba ameridhika, huku akiujua uongo, huhesabiwa ameukubali mkataba, na hata kuchelewa kwenyewe kunaweza kumkosesha, kama ilivyomtokea mnunuzi wa mchoro katika Leaf v International Galleries ya mwaka 1950, aliyekuja kulalamika baada ya miaka 5. Kwa hiyo barua yetu ya kwanza ya madai ilitoka mapema na ilitamka wazi kwamba ninaihifadhi haki ya kutengua. Lakini nyumba ilikuwa imewekwa rehani, benki haikuhusika na uongo ule na ingetaka deni lake lote, na zaidi ya chumba kile nyumba ilinifaa. Nikachagua fidia, inayopimwa kwa tofauti kati ya bei niliyolipa na thamani halisi ya nyumba siku ya kununua, pamoja na hasara zilizofuata. Hesabu hiyo ilifanywa na mthamini aliyesajiliwa, wala hatukujikadiria wenyewe.

Dalali hatukumshtaki, ingawa dalali anayetoa mwenyewe taarifa ya uongo anaweza kuwajibishwa. Tulimwandikia barua, naye kwa kuogopa kuunganishwa katika kesi akatukabidhi ujumbe ambao muuzaji alimwomba asilete wateja siku za mvua. Baada ya ujumbe huo kuwafikia, upande wa pili, ambao awali ulikuwa umeukataa usuluhishi, uliuomba wenyewe.

Mbele ya msuluhishi tulikubaliana muuzaji alipe, kwa awamu, kiasi kilichokaribia makadirio ya mthamini, na sehemu ya gharama za wakili. Wakili wangu alikataa makubaliano yabaki kuwa karatasi kati yetu tu. Yalisajiliwa mahakamani na kuwa amri, ili muuzaji asipolipa tukazie amri hiyo, yaani tuiombe mahakama imlazimishe kulipa, bila kufungua kesi upya. Awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati. Ya pili ilipochelewa tuliwasilisha maombi ya kukazia amri, na fedha ziliingia kabla maombi hayo hayajasikilizwa.