Nilivyojenga mkusanyo wa mifano ya bunduki za kale za kupiga vifaru vya vita, kwa kipimo cha moja kwa tano

Hapa Lubumbashi raia hawezi kuweka silaha ya vita nyumbani, hata iwe kuukuu namna gani. Mimi nakusanya bunduki hizi kwa mifano ya mbao na shaba, na sharti la kwanza nililoliweka ni kipimo kimoja kwa zote: moja kwa tano. Mauser ya mwaka 1918, yenye urefu wa milimita 1,691, inakuwa 338. Boys ya Waingereza inakuwa 315, PTRD ya Warusi 404, na Lahti L-39 ya Ufini 448. Ukichanganya vipimo, mkusanyo hauna maana tena, kwa sababu macho hayawezi kulinganisha. Zikilala kwenye rafu moja, mtu anaona mara moja ni kiasi gani urefu wa silaha hizi ulibadilika katika miaka ishirini na kitu.

Anza na Mauser. Ndiyo ya kwanza ya ukoo huu, jibu la Wajerumani kwa vifaru vya Uingereza vilivyoingia vitani Somme tarehe 15 Septemba 1916, na umbo lake ni rahisi: risasi moja kwa wakati, bila magazini (kikasha cha risasi), bila kitu chochote cha kupunguza teke, yaani msukumo wa kurudi nyuma bunduki inapofyatuka.

Vipimo ambavyo havikuandikwa popote navitoa kwenye picha. Nachagua picha iliyopigwa ubavuni kabisa na kupima urefu wote kwa kaliperi. Ikiwa ni milimita 211 kwenye karatasi, basi milimita moja ya picha ni nane za bunduki halisi, yaani 1.6 za mfano. Picha iliyopigwa kutoka upande wa mdomo inadanganya: mtutu unaonekana mfupi na mnene, na mfano mzima utatoka umevimba.

Mtutu ndio kazi yenyewe. Ule wa Mauser, wa milimita 984, unakuwa 197. Mafundi wa friji huwa na vipande vya bomba la shaba la robo inchi, kipenyo cha milimita 6.35. Ndani yake naingiza bomba la breki la gari la milimita 4.75, la shaba, si la chuma. Ukuta wa bomba la nje ukiwa karibu milimita 0.76, yanaingiana bila kucheza. Ukiwa mwembamba zaidi, la ndani litayumba na mtutu utapinda machoni, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Bomba lililotoka kwenye koili limejikunja, usiligonge nyundo. Liviringishe chini ya ubao ulionyooka, juu ya kigae, hadi liache kurukaruka.

Kwenye kulehemu, sugua pande zote mbili kwa pamba ya chuma, paka dawa ya kulehemu, kisha pasha bomba la nje na uache risasi ya kulehemu ivutwe yenyewe kuingia ndani. Ukizidisha moto, dawa inaungua nyeusi na risasi ya kulehemu inakataa kushika. Hapo hakuna njia ila kusafisha na kuanza upya. Tundu lote naliziba, nabakiza kijishimo kidogo tu mdomoni. Lehemu zote, pamoja na za miguu inayoegemeza mtutu, zimalizike kabla shaba haijagusa mbao, maana shaba hupeleka joto mbali na itaunguza kitako. Miguu natumia waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba. Kipenyo chake ni karibu milimita 1.8.

Mbao ni mninga, masalia ya maseremala. Nyuzi zipite kwa urefu wa kitako. Lakini kishikio cha Mauser kinashuka chini, na ukikichonga katika kipande hichohicho nyuzi zinakikata kwa upana na kinavunjika kwa kuguswa tu. Nakichonga peke yake, nyuzi zikifuata urefu wake, kisha nakifunga kwa gundi na kipini cha waya. Mbao ikae ndani miezi kadhaa ya kiangazi kabla ya kuchongwa. Iliyochongwa wakati wa masika hunywea ifikapo Juni na kuachia mtutu.

Kuifanya shaba iwe nyeusi, ponda mayai mawili ya kuchemsha yangali moto, yafungie na mtutu ndani ya kopo lenye kifuniko, yasiuguse, hadi asubuhi. Gesi ya kiberiti itokayo kwenye yai ndiyo inayofanya kazi. Alama ya kidole yenye mafuta itabaki nyekundu, kwa hiyo futa kwanza kwa spiriti. Penye lehemu hapageuki vizuri; paguse kwa rangi nyeusi isiyong'aa.

Boys ndiyo inayowaharibia wengi. Toleo la Mark I lina mguu mmoja na kipunguza teke cha mviringo mdomoni. Ile iliyotengenezwa Kanada, Mark I*, ina miguu miwili na kipunguza teke bapa. Nimeona mifano yenye mguu wa moja na mdomo wa nyingine, na haiwezi kurekebishwa bila kukatwa. Kumbuka pia magazini yake ya risasi tano inakaa juu, ndiyo maana vilengeo vimesogezwa kushoto. Vikikaa katikati, magazini ingemziba mpigaji macho. PTRD nayo vilengeo vyake viko kushoto, ila haina magazini kabisa.

Kwa safari, kila mfano unakwenda ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kioo, mtutu umetolewa kwenye kitako, jina na kipimo vimeandikwa juu. Askari wa kizuizi cha barabarani aone shaba na mbao kabla hajauliza.