Neno Nililomwambia Mama

Mwaka 2012 trafiki alinisimamisha kwenye I-270, barabara inayouzunguka mji wa Columbus, Ohio, nikitoka zamu ya usiku. Nilikuwa nimezidisha mwendo. Nikaweka mikono juu ya usukani, taa zake zikimulika kwenye kioo. Akaniandikia tiketi, akaniruhusu niende. Nilipofika nyumbani nikampigia mama, Tanga: "Mama, leo nimekamatwa na trafiki." Akauliza faini ni kiasi gani, tukaendelea na mengine. Kwetu ndivyo tusemavyo. Hata dereva wa daladala aliyeachiwa baada ya dakika mbili husema kakamatwa.

Miaka minne baadaye neno hilo likaninyima usingizi. Nilikuwa najaza fomu N-400 ya kuomba uraia wa Marekani, nikafika panapouliza kama umewahi kukamatwa, hata mara moja. Si mwenyewe nilimwambia mama? Nikaweka kalamu chini.

Nikamwendea wakili mmoja, dada wa Mombasa.

"Alikufunga pingu? Alikupeleka kituoni?"

"Hapana."

"Basi hukukamatwa, kaka yangu. Ulisimamishwa, ukaandikiwa."

Akanisimulia kesi ya Berkemer na McCarty ya 1984, iliyoanzia I-270 hiyohiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba dereva anayehojiwa kando ya barabara kwa kawaida hahesabiwi kuwa chini ya ulinzi, kwa hiyo polisi halazimiki kumsomea kwanza haki zake, kama ile ya kunyamaza. McCarty, dereva wa kesi hiyo, alihesabiwa kuwa chini ya ulinzi pale tu alipokamatwa rasmi.

Nikashusha pumzi, nikataka kuandika Hapana. Akanizuia: "Soma swali lote."

Kumbe yalikuwa maneno matatu: kukamatwa, kuandikiwa kosa, kuzuiliwa. La katikati ndilo langu. Akaniambia nikikana, halafu tiketi ikaonekana kwenye rekodi, tatizo halitakuwa mwendo tena, litakuwa uongo, na uongo ndio unaowanyima watu uraia. Nikaandika Ndiyo, nikaeleza tarehe, mahali, kosa na faini, ambayo haikufika dola 200.

Siku ya usaili viganja vilinitoka jasho. Afisa alipofika hapo akanitazama. "Ulikamatwa?"

"Hapana. Niliandikiwa tiketi, nikalipa."

Nikamwonyesha risiti, wino umeshafifia kwenye mikunjo. Akaisoma, akatia alama kwa kalamu nyekundu, akaniuliza swali lililofuata.